Kwa nini dawa ya mtoto husambaratika majini na ya bibi hubaki nzima

Swali: Naandika kutoka Tukuyu. Mwanangu wa miaka miwili alipimwa akakutwa na malaria, akapewa dawa mseto ile ya kuweka kwenye maji. Kidonge kilisambaratika kabla sijashika kijiko. Mama mkwe wangu naye ana sukari na presha, na magoti yanamsumbua. Jirani akaniambia dawa nzuri lazima iyeyuke majini, isiyoyeyuka ni feki. Nikaweka dawa zake mbili kwenye glasi. Ya sukari ililala usiku kucha, asubuhi nikakuta imekuwa donge la ute. Ya magoti haikubadilika kabisa. Je, tumeuziwa feki? Kuna nini ndani ya ile ya mtoto ambacho hizi hazina? Na kwa kuwa mama humeza kwa shida, naweza kumsagia?

Jibu: Dada, ndaga fijo kwa kuuliza kabla ya kusaga. Naanza na sehemu ya mwisho kwa sababu ndiyo yenye hatari. Dawa hiyo ya sukari na hiyo ya magoti usizisage, usizivunje, wala usizipasue mpaka mfamasia azione. Kuhusu feki, glasi yako haijaonyesha dalili yoyote ya udanganyifu. Imeonyesha vidonge vitatu vilivyotengenezwa kwa makusudi matatu tofauti. Nitaeleza taratibu, maana maneno ya jirani yako nimeyasikia Mbeya mjini, nimeyasikia Mafinga na Njombe, na wapo wanaoacha dawa nzuri kwa sababu yake.

Kidonge, ukiondoa rangi na nembo, ni unga uliobanwa kwa nguvu kubwa ndani ya umbo la chuma. Mwingereza William Brockedon alipata hataza ya kubana dawa kwa njia hiyo mwaka 1843, na mashine za leo bado zinafuata wazo lilelile. Kikibanwa vizuri kidonge kinakuwa imara: kinavumilia kumwagwa kwenye kopo, kinavumilia lori kupanda Kitonga, kinafika duka la dawa bila kumomonyoka. Lakini dawa iliyoshikamana haimsaidii mgonjwa. Ukuta wa utumbo haupitishi kidonge, unapitisha dawa iliyokwisha kuyeyuka. Hapo mtengenezaji anabaki na kazi mbili zinazogombana: aushikamanishe unga kwa miaka, kisha auachanishe ndani ya dakika chache mara tu ukigusa maji. Kazi hii ya pili hufanywa na viambato ambavyo mgonjwa hasikii vikitajwa, kwa kuwa havitibu kitu. Kazi yao ni kuvunja kidonge, basi.

Cha zamani kati yao ni wanga, uwe wa mahindi, wa viazi au wa muhogo. Sisi wa nyanda za juu tunaujua wanga kwa kuupika, na pengine ndiyo maana tunakosea kuelewa unavyofanya kazi humo ndani. Mimina unga wa mahindi kwenye maji baridi ukoroge: utatuama chini, na hutaona ukivimba. Unavimba na kushikana pale unapoupasha moto, kwenye nyuzijoto 60 na zaidi, na tumbo la binadamu lina 37 tu. Kwa hiyo wanga wa kawaida hauvunji kidonge kwa kuvimba sana. Unakivunja kwa njia mbili nyingine. Chembe zake hupenda maji, na zikiwa zimetapakaa ndani ya kidonge huacha njia nyembamba ambazo maji hupenya hadi katikati. Pia chembe hizo zilibonyea mashineni, na zikilowa hurudi kuelekea umbo lake la mwanzo na kusukuma kila kilicho jirani. Misukumo midogo mingi kwa wakati mmoja inakiachanisha kidonge. Shida ni kwamba unahitajika wanga mwingi, mara nyingi asilimia 5 hadi 15 ya uzito wote, na wanga ukiwa mwingi unga haubaniki vizuri.

Kwa kuwa nyumbani kwenu kuna mgonjwa wa sukari, niliweke wazi hili: kidonge cha miligramu 250 chenye wanga asilimia 10 kina miligramu 25 za wanga. Tonge moja la ugali lina wanga mara mamia ya huo. Wanga wa kwenye kidonge hauwezi kumpandishia mama sukari.

Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 viwanda vilianza kutumia viambato vyenye nguvu zaidi, ambavyo kiasi kidogo tu kinatosha. Majina yao yamo kwenye ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, kwa maandishi madogo: sodiamu stachi glaikoleti, kroskarmelosi sodiamu na krospovidoni. Cha kwanza mara nyingi hutokana na wanga wa viazi mviringo, zao ambalo mtu wa Uporoto au Makete hahitaji kuelezwa. Cha pili hutokana na selulosi, yaani nyuzi za miti au pamba. Ni ukoo mmoja na nyuzi zinazotengenezewa karatasi kule Mgololo, ingawa za dawa husafishwa kwa kiwango kingine kabisa. Cha tatu hakina asili ya shambani, hutengenezwa kwa kemikali tangu mwanzo.

Hapa naomba uvumilie kidogo, maana jibu la glasi yako limo humu. Molekuli ya wanga au selulosi ni mnyororo mrefu. Kiwandani minyororo hiyo huongezewa kwanza vipande vya kemikali vinavyopenda maji kupita kiasi. Ukiishia hapo unapata kitu kinachoyeyuka na kuwa ute mzito, na kweli selulosi ya namna hiyo hutumika kuzitia uzito dawa za maji na kugandisha unga. Kwa kidonge kinachotakiwa kuvunjika hiyo ni balaa, kwa sababu ute unaziba njia za maji. Kwa hiyo hufuata hatua nyingine: minyororo hufungwa mmoja kwa mwingine, fundo hapa, fundo pale. Sasa ikikutana na maji inataka kuyeyuka lakini mafundo hayairuhusu. Inabaki kunywa maji na kutanuka, na kutanuka huko kunapasua kila kilichoizunguka. Nyuzi za kroskarmelosi huvuta maji kwa urefu wake na kutanuka mara kadhaa. Chembe za stachi glaikoleti hutanuka hata zaidi. Krospovidoni hutanuka kidogo tu, ila chembe zake zina vitundu vingi, hunyonya maji upesi na kurudi kwenye umbo zilizolipoteza wakati wa kubanwa, bila kutoa ute.

Viwango vyenyewe ni vidogo. Stachi glaikoleti huwekwa asilimia 2 hadi 8, krospovidoni 2 hadi 5, kroskarmelosi kuanzia nusu asilimia mpaka 5. Katika kidonge cha miligramu 250, asilimia 4 ni miligramu 10, unga usiojaza hata ncha ya kijiko cha chai. Na hapa kuzidisha kunaharibu: stachi glaikoleti ikiwa nyingi mno, chembe za nje zinavimba, zinashikana, zinakuwa tabaka la ute, na kidonge kilichotakiwa kuvunjika upesi kinachelewa.

Hata mahali kiambato kinapowekwa ni ufundi. Mara nyingi unga wa dawa hufanywa chenga kwanza, kisha chenga ndizo zinazobanwa. Kiambato kikikaa nje ya chenga, kidonge kinaachana kuwa chenga. Kikiwekwa na ndani, chenga nazo zinapasuka kuwa unga laini. Viwanda vingi hugawanya, kiasi ndani, kiasi nje. Kuna na magnesiamu stiareti, unga wenye asili ya mafuta ambao huwekwa kidogo ili kidonge kisigande kwenye chuma. Ukichanganywa muda mrefu kupita kiasi, unapaka chembe zote na kuyafukuza maji. Viambato ni vilevile na vipimo vilevile, lakini kidonge kinakuwa kigumu kulowa. Kwa hiyo dawa moja kutoka viwanda viwili inaweza kuvunjika kwa muda tofauti na zote zikawa halali, mradi hazijavuka muda unaoruhusiwa.

Kidonge cha mwanao ni matunda ya ufundi huu. Dawa mseto ya artemetha na lumefantrini ya kusambaratishwa majini kwa ajili ya watoto ilitoka mwaka 2009, kampuni ya Novartis ikishirikiana na shirika la Medicines for Malaria Venture. Kabla yake mzazi alisaga kidonge cha kawaida, kichungu, akabembeleza mtoto huku nusu ya unga ikibaki kwenye kijiko. Vitabu vya viwango vya dawa vinataka kidonge cha kusambaratishwa kivunjike ndani ya dakika 3 kwenye maji ya nyuzijoto 15 hadi 25. Kwa namna hiyohiyo hutengenezwa amoksilini ya nimonia ya watoto na zinki ya kuharisha.

Ila usidanganyike na glasi: kilichosambaratika hakijayeyuka. Lumefantrini karibu haiyeyuki kabisa majini. Ulichokiona ni unga laini uliotapakaa, nao ukiachwa unatuama chini. Tumia maji safi kidogo, kama vijiko viwili vya chai, ukoroge na umpe yote papo hapo. Kisha suuza chombo kwa maji kidogo mengine umpe na hayo, maana masalia ya chini ni dawa. Usiandae dozi ya jioni tangu mchana. Mpe baada ya chakula au maziwa, kwa kuwa lumefantrini hufyonzwa vizuri zaidi penye mafuta. Akitapika ndani ya saa moja, rudia dozi na upite kituoni ujaziwe kidonge kilichopungua.

Watu wa Makete na Njombe wanaosoma hapa waongeze jambo moja. Asubuhi ya Juni au Julai, maji yaliyolala nje huwa chini kabisa ya nyuzijoto 15, na kidonge kitajivuta. Chukua maji yaliyochemshwa, yaache yawe vuguvugu. Wala usikimbilie upande wa pili ukatumia chai ya moto au uji. Joto kali huweza kuugeuza wanga wa kidonge kuwa mabonge, na uji mzito haupenyi ndani ya kidonge. Tena mtoto anaweza kuacha nusu kikombe, na dawa ikabaki humo.

Sasa tuje kwa mama mkwe. Kwa ulivyoeleza, dawa ya sukari inaelekea ni metfomini ya kutoka polepole. Angalia kwenye boksi kama jina limefuatwa na herufi XR, ER, SR au MR. Kidonge cha namna hiyo kina jamaa wa karibu wa vile viambato nilivyokueleza, mara nyingi hipromelosi, nayo inatokana na selulosi. Tofauti yao ni yale mafundo. Hipromelosi haijafungwa. Ikilowa hufanya ute mzito kuzunguka kidonge, na dawa hupenya kwenye ute huo kidogokidogo kwa saa nyingi. Lile donge uliloliona asubuhi lilikuwa kazini. Huenda siku moja mama akaona ganda laini kwenye choo akadhani dawa imepita bila kufanya kitu. Mtoe hofu: dawa ilishatoka, lililobaki ni kifungashio.

Ya magoti yawezekana ni diklofenaki, na nyingi ya zile hupakwa ganda linalostahimili asidi. Kipimo chake maabara ni kinyume cha kile cha mtoto: inakaa saa 2 kwenye asidi bila kupasuka, kisha ndipo inatakiwa kufunguka ikihamishiwa kwenye maji yenye hali ya utumbo mdogo. Ganda limewekwa ili dawa isimwagike tumboni. Maji ya bomba si asidi ya tumbo na si umajimaji wa utumbo, kwa hiyo kimya ulichokiona hakina ushahidi wowote.

Ukisaga ile ya sukari, dozi iliyopangwa kutoka kutwa nzima inatoka kwa mkupuo. Metfomini ikija hivyo itamsumbua kwa kichefuchefu na kuharisha. Kwa dawa ya presha hali ni mbaya zaidi. Nifedipini ya kutoka polepole, ile inayoandikwa Retard au LA, ikisagwa inaweza kuporomosha presha ghafla, na kwa mtu mzima wa umri wa mama huko ni kuzirai, au kiharusi. Tafadhali angalia boksi la dawa yake ya presha leo hii. Ukisaga ya magoti yenye ganda, unaliondoa ganda.

Simaanishi kila kidonge hakisagiki. Dawa mseto ya kawaida ya watu wazima, kwa mfano, inaruhusiwa kusagwa na kuchanganywa na maji kidogo kwa asiyeweza kumeza. Vidonge vingi vya kawaida viko hivyo. Cha muhimu ni kujua kipi ni kipi, na hilo linajulikana kwenye boksi, halijulikani kwenye glasi. Mama akienda kliniki aseme wazi kwamba kumeza kunamshinda. Metfomini ya kawaida ipo, na zipo hata za maji kwa baadhi ya dawa. Daktari atabadilisha aina na ratiba, kwa sababu ya kawaida hunywewa mara nyingi zaidi kwa siku. Na kumeza kukiwa kumeanza kumshinda hivi karibuni, kwenyewe ni jambo la kuchunguzwa.

Kuhusu kipimo cha jirani, shida yake kubwa ni kwamba kinampitisha mwizi. Anayetengeneza dawa feki kwa unga wa wanga mtupu anapata kidonge kinachovunjika haraka sana. Kitafaulu glasi yenu vizuri kabisa na hakina dawa hata chembe. Maabara ya kweli hupima kuvunjika kwa kifaa chenye mirija 6 iliyozibwa wavu chini, ikipanda na kushuka kama mara 30 kwa dakika kwenye maji ya nyuzijoto 37. Kidonge kisichopakwa kitu kwa kawaida hupewa dakika 15, chenye ngozi nyembamba dakika 30, chenye ganda la sukari dakika 60. Baada ya hapo bado wanapima dawa inayeyuka kiasi gani na kama iliyomo ni ile iliyoandikwa. Hata ile maabara ndogo ya kubebeka inayotumiwa kuchuja dawa huanza kwa kutazama boksi na kidonge, ikaweka kidonge kwenye maji ya vuguvugu kwa nusu saa, kisha ikapima utambulisho wa dawa yenyewe kwa kemikali. Kuvunjika ni hatua moja tu kati ya hizo.

Kuna jambo moja la Tukuyu ambalo nataka mlizingatie. Rungwe hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hewa yake ina unyevu muda mrefu. Kiambato kinachopenda maji hakichagui: kinanyonya ya kwenye glasi, kinanyonya na ya hewani. Kidonge cha kusambaratika kikitolewa kwenye pakti na kuachwa kwenye kifuko cha plastiki au bahasha, viambato vyake vinaanza kuvimba polepole, bila kishindo. Kinalegea, kinapata nyufa, au kinakauka tena na kuwa kigumu, na siku ya kutumiwa kile kishindo kimeshaisha. Dawa za kutoa mapovu huharibika namna hii hata upesi zaidi. Dawa za mtoto ombeni zikae kwenye pakti yake ya alumini, na kidonge kitolewe dakika ile ya kukitumia. Zisikae juu ya meko wala karibu na beseni la maji. Sanduku kavu la chumbani linatosha, mahali mtoto hafiki.

Dalili zinazonitia wasiwasi mimi ni nyingine: kidonge cha kawaida kabisa, mfano parasetamo isiyo na ganda wala herufi za kutoka polepole, ambacho kimekaa nusu saa kwenye maji ya vuguvugu, umekitikisa, na bado ni kizima. Au kidonge kilichobadilika rangi, chenye madoadoa, kinachonuka tofauti na ulivyozoea, au boksi lenye maandishi yaliyokosewa. Hapo usitupe. Kirudishe na boksi lake, pamoja na namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, kwa mfamasia au duka la dawa muhimu ulikonunua, au kwenye ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba iliyopo Mbeya. Vidonge vilivyobaki kwenye pakti hiyo usivitoe, kwa sababu wakaguzi watahitaji ambavyo havijaguswa.